Tuchukue Karatasi Gani Mbele ya Ofisa wa Uraia?

Wenzetu wa Unguja na Pemba waliohamia Nyanda za Juu Kusini, wenye maduka yao Mwanjelwa katika mji wa Mbeya na wenye biashara zao kandokando ya Soko Kuu la Iringa, wamekuwa wakituuliza jambo ambalo kwa asiyekutwa nalo huonekana dogo. Wanauliza: mtu akiitwa kuhojiwa juu ya uraia wake, achukue karatasi zipi, na zipi aziache nyumbani? Sisi twaliona swali hili kuwa kubwa. Siku ile kinachowekwa mezani ni karatasi, lakini kinachopimwa ni mtu mwenyewe: kura yake, safari zake, riziki yake, na haki watakayorithi watoto wake.

Rai yetu twaitanguliza. Karatasi haimfanyi mtu kuwa raia. Uraia hutokana na sheria, na karatasi ni shahidi tu wa mambo ambayo sheria inayauliza. Kwa hivyo mtu asiende na furushi. Aende na mashahidi watatu wanaosema neno moja: shahidi wa kuzaliwa kwake, shahidi wa wazazi wake, na shahidi wa maisha yake mahali alipo. Mashahidi watatu wanaokubaliana wana nguvu kuliko thelathini wanaopingana.

Kabla ya yote, na ajue anaitwa kwa jambo gani, maana mahojiano si ya namna moja. Yuko anayeomba kitambulisho cha Taifa, akaulizwa baba yake alizaliwa wapi na babu yake wapi. Yuko anayeomba pasipoti. Na yuko mgeni halisi, aliyezaliwa nchi nyingine kwa wazazi wa nchi nyingine, anayeomba uraia wa tajnisi. Wawili wa mwanzo wanasema, "Mimi ni raia, nitambueni." Wa tatu anasema, "Mimi si raia, nipokeeni." Kauli hizi mbili hazikai katika kinywa kimoja. Aliyezaliwa raia, kisha akashawishiwa kujaza fomu ya tajnisi ili mambo yaishe upesi, amekiri kwa mkono wake kwamba hakuwa raia tangu alipozaliwa. Na kukiri huko kwaweza kuwafuata wanawe. Twawaonya wenzetu: msitie saini fomu msiyojua inasema nini juu yenu.

Sasa tuitazame sheria. Sheria ya Uraia Na. 6 ya 1995 inataja njia tatu, nazo ni kuzaliwa, kurithi na tajnisi. Mwenye kuomba tajnisi anatakiwa, pamoja na mengine, awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na katika miaka 10 iliyotangulia miezi hiyo awe amekaa si chini ya miaka 7. Ajue Kiswahili au Kiingereza. Na awe mtu wa mwenendo mwema. Huyu karatasi zake kubwa ni pasipoti ya kwao na vibali vya kuishi vya miaka yote hiyo, bila ya kuruka hata mmoja. Mwaka usio na kibali ndio mwaka atakaoulizwa.

Ama raia wa kuzaliwa, maandishi ya sheria yanasema kwamba aliyezaliwa katika Jamhuri ya Muungano tangu siku ya Muungano, 26 Aprili 1964, ni raia, isipokuwa kwa vizuizi vichache kama vile mtoto wa mjumbe wa serikali ya kigeni ambaye wazazi wake wote wawili si raia. Lakini katika utekelezaji ofisa haishii hapo. Hutaka kuona kwamba mzazi mmoja, angalau, alikuwa raia. Sisi twaona kwamba maandishi na utekelezaji vinapaswa kusema lugha moja. Lakini mpaka siku hiyo ifike, mwenye busara haendi na cheti chake cha kuzaliwa peke yake. Huenda nacho pamoja na cha baba yake au cha mama yake.

Asidhani mtu kwamba jambo hili ni la wanyonge peke yao. Mwezi wa Februari 2001 Serikali ya Muungano ilitangaza kwamba watu wanne wenye vyeo na majina hawakuwa raia: Jenerali Ulimwengu, mwandishi na mchapishaji wa magazeti aliyewahi kuwa mbunge, Timothy Bandora, aliyekuwa balozi nchini Nigeria, Anatoli Amani, aliyekuwa mwenyekiti wa chama tawala mkoani Kagera, na Maudline Castico, aliyekuwa kiongozi wa chama hicho hicho huku Zanzibar. Huyo wa mwisho tulikuja kumwona mwaka 2016 akiwa waziri katika Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Ikiwa mtu aweza kuiwakilisha nchi kama balozi kisha akaambiwa si wa nchi hiyo, ni upuuzi kwa muuza duka wa Iringa kujiaminisha kwamba yeye hataulizwa kwa kuwa kila mtu mtaani anamjua.

Wako watakaosema, mambo ya Mbeya na Iringa yanatuhusu nini sisi wa visiwani? Twawakumbusha mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya 1 Julai 1890. Katika waraka mmoja, Wazungu waliokaa mezani huko Ulaya waliufanya Mto Songwe kuwa mpaka, na katika waraka huo huo Ujerumani ikakubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Waingereza. Mnyakyusa wa Kyela aliyebaki upande huu wa mto na Mngonde aliyebaki upande wa pili, ambako leo ni Malawi, walitenganishwa kwa kalamu ile ile iliyotugawa sisi. Wala hakuulizwa yeyote kati yetu. Ndiyo maana hata leo mtu wa wilaya za mpakani huulizwa kwa ukali kuliko mtu wa katikati ya nchi, na mtu wa visiwani mwenye jina la Kiarabu au jamaa Maskati huulizwa kwa ukali pia. Tatizo letu na lao ni moja.

Tena liko jambo jingine la kujifunza kutoka huko. Katika zama za ukoloni, chini ya sheria ya vizazi na vifo ya 1920, Waafrika wengi wa Tanganyika hawakulazimishwa kuandikisha watoto wao. Serikali ile ilitaka kujua kodi yao, haikutaka kujua tarehe zao. Baada ya uhuru hali haikugeuka upesi. Sensa ya 2012 ilionyesha kuwa Tanzania Bara waliokuwa na vyeti vya kuzaliwa walikuwa kiasi cha watu 13 tu katika kila 100. Ndipo RITA, wakala wa usajili wa Bara, ilipoanza mpango wa kuwaandikisha watoto walio chini ya miaka mitano bila ya malipo, katika vituo vya afya na ofisi za kata, na mkoa wa mwanzo kuanza mwaka 2013 ulikuwa Mbeya. Iringa na Njombe zikafuata mwaka 2016. Vyeti vile viliandikwa kwa mkono. Na mtu asikitilie shaka cheti cha mwanawe kwa sababu ya wino wake, kwani ndivyo utaratibu ulivyokuwa.

Matokeo yake ni nini? Ni kwamba katika nyumba nyingi za Nyanda za Juu mtoto ana cheti, na baba yake hana. Mtoto amepata shahidi wa kuzaliwa, lakini shahidi wa wazazi hayupo. Huko watu hulazimika kurudi katika vitabu vya zamani. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na misheni ya Kikatoliki ya Tosamaganga karibu na Iringa nayo ni ya mwishoni mwa karne ya 19. Na wamisionari walikuwa na desturi ya kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Mstari mmoja wa kitabu kama hicho, ulioandikwa miaka 70 iliyopita na mtu asiyejua kwamba siku moja utaulizwa, una uzito ambao barua iliyoandikwa jana haina. Hapa ndipo ilipo kanuni tunayotaka wanachama waishike: karatasi yenye nguvu ni ile iliyoandikwa kabla ya ugomvi, na mtu ambaye kuandika ilikuwa kazi yake.

Sisi Waislamu wa visiwani hatuna vitabu vya ubatizo, lakini tuna vyetu. Tuna vyeti vya kuzaliwa vya Zanzibar, ambavyo katika visiwa vyetu vimeenea kuliko Bara. Tuna hati za ndoa za kadhi. Tuna daftari za skuli zenye jina la mtoto, la baba yake na la babu yake. Na tuna kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kilichowekwa na Sheria Na. 7 ya 2005 na kuendelezwa chini ya Sheria Na. 3 ya 2018. Kitambulisho hiki twakijua kwa machungu yake. Mwaka 2009 huko Pemba, uandikishaji wa wapiga kura uliingia katika mgogoro mkubwa kwa kuwa asiyekuwa nacho hakuandikishwa, na ili akipate ilimbidi apite kwa sheha. Hata hivyo, aliye nacho asikidharau. Kwa maombi ya kitambulisho cha Taifa ni miongoni mwa karatasi zinazopokewa, na mwenzetu aliyeko Mbeya asikiache kabatini kwa hasira.

Lakini na ajihadhari. Nyumbani huambiwa amehama, na ugenini huambiwa amehamia. Asipotengeneza karatasi zake pande zote mbili, aweza kujikuta hana kura Micheweni wala Mwanjelwa. Ndiyo maana twasema shahidi wa tatu, wa maisha ya mtu mahali alipo, si wa kupuuzwa: barua ya ofisi ya mtaa au kijiji anakokaa, leseni ya biashara, namba ya mlipa kodi, mkataba wa nyumba, cheti cha skuli cha mtoto. Achague viwili au vitatu vyenye anwani moja na miaka inayofuatana.

Sasa tuje kwenye mtego unaowanasa watu wetu kuliko mitego yote, nao ni herufi za majina. Mtu amezaliwa Wete, cheti kikaandikwa Khamis Othman Khamis. Akaenda kusoma Bara, mwalimu akamwandika Hamisi Athumani. Akafungua duka Iringa, karani akaandika Hamis O. Hamis. Mbele ya ofisa asiyemjua, hao ni watu watatu, na kila karatasi aliyoileta kwa nia njema imekuwa shahidi dhidi yake. Wala si kosa la karani peke yake. Sisi wenyewe hupokea karatasi bila ya kuisoma, tukatia saini na kuondoka. Dawa yake ni kuzitandaza karatasi zote mezani nyumbani, juma zima kabla ya siku ya kuitwa, na kuzisoma herufi kwa herufi: jina, jina la baba, jina la babu, tarehe, mahali. Zikipishana, mtu asiifiche ile yenye kosa, kwani iliyofichwa huibuka. Aende kwa wakili au mahakamani akaape hati ya kiapo kwamba majina hayo yote ni ya mtu mmoja, na hati hiyo aiweke juu ya nyingine zote. Kosa lililoelezwa mapema ni kosa la herufi. Lililogunduliwa na ofisa huitwa udanganyifu.

Kwa ufupi basi, mwenzetu anayedai kutambuliwa kuwa raia wa kuzaliwa na achukue hizi:

Kwanza, cheti chake cha kuzaliwa. Ikiwa kilitolewa miaka mingi baada ya kuzaliwa, achukue pamoja nacho vile vilivyotumiwa kukipata, kama kadi ya kliniki, cheti cha skuli ya msingi au kiapo cha mzazi.

Pili, cheti cha kuzaliwa cha mzazi mmoja, au cha wote wawili kama vipo. Mzazi akiwa hana, kiapo chake akiwa hai. Akiwa amefariki, cheti cha kifo pamoja na kiapo cha jamaa mkubwa anayejua asili yake.

Tatu, kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi kwa aliye nacho, na kadi ya mpiga kura au pasipoti ya zamani.

Nne, barua ya mtaa anakokaa na ushahidi mdogo wa makazi kama tulivyoeleza.

Tano, hati ya kiapo ya majina, kama majina yanapishana.

Kila kimoja achukue chenyewe asilia na nakala yake. Asilia aionyeshe, nakala aiache. Na akilazimika kuiacha asilia, aombe stakabadhi yenye jina la ofisa na tarehe. Wazee wetu walisema mali bila daftari huisha bila khabari. Uraia nao ni mali.

Na nini aache nyumbani? Aache kadi ya chama, hata iwe ya chama hiki. Twayasema haya bila ya haya. Kadi yetu yathibitisha msimamo wa mtu, haithibitishi mahali alipozaliwa, na ofisa hana haki ya kujua mwananchi anampigia nani kura. Aache barua za sifa za wakubwa, kwani barua ya mkubwa humfanya ofisa ajiulize kwa nini ilihitajika. Na zaidi ya yote, aache karatasi za vishoka, wale wanaozunguka nje ya ofisi wakiahidi cheti kwa siku moja. Raia wa kweli anayebeba cheti cha uongo ameuza ukweli wake kwa bei ya kosa la jinai.

Wako pia wenye pasipoti ya nchi nyingine, khasa wenye jamaa Oman na Uingereza. Kwao hatuna ushauri wa hila. Sheria ya nchi hii haimruhusu mtu mzima kuwa na uraia wa nchi mbili. Ama tukiona sheria hiyo ina makosa, tupiganie ibadilishwe hadharani. Lakini kumfundisha mwanachama aseme uongo mbele ya serikali si siasa, ni kumtosa.

Wala tusijitie usahaulifu wa historia. Swali hili halikuanza kuulizwa Bara kwa watu wa visiwani. Katika uchaguzi wa Julai 1957, wa mwanzo wa aina yake Unguja na Pemba, mpiga kura alitakiwa awe raia wa Sultani, na wengi waliotoka Bara, waliolima mashamba yetu na kupakua mizigo bandarini kwetu, hawakuwa katika daftari. Wakati ule wako waliofurahi kuona jirani yao akikosa karatasi. Leo mjukuu wa aliyefurahi anasimama foleni Mbeya akiulizwa babu yake alizaliwa wapi. Kwa hivyo sisi hatuombi upendeleo kwa watu wa visiwani. Twaomba kanuni moja kwa wote, kwani kanuni iliyopindishwa kumdhuru jirani haikawii kurudi kwa aliyeipindisha.

Na kanuni hiyo ni ipi? Kwa sheria ya 1995, Waziri anayeamua maombi ya tajnisi halazimiki kutoa sababu, wala uamuzi wake haukatiwi rufaa mahakamani. Sisi twaona hilo si sawa. Mtu anayekataliwa na aelezwe kwa maandishi amekataliwa kwa nini, na awe na mahali pa kulalamika. Orodha ya karatasi zinazotakiwa na ibandikwe katika kila ofisi ya kata, kuanzia Kyela mpaka Kilolo na kuanzia Mkoani mpaka Nungwi, ili ofisa mmoja asitake jambo ambalo mwenzake hakulitaka. Na yule ambaye wazazi wake hawakuandikishwa kwa sababu serikali ya zama zao haikutaka kuwaandika, asiadhibiwe yeye kwa uzembe wa serikali ile.

Mpaka hayo yapatikane, kazi iko mikononi mwetu. Twayaagiza matawi yote ya chama, ya visiwani na ya wenzetu walioko Nyanda za Juu, kila katibu aonane na wanachama wake nyumba kwa nyumba na kuwauliza jambo moja tu: cheti chako kiko wapi, na cha mzazi wako kiko wapi? Wasio navyo wasaidiwe kuandikisha sasa, kabla ya kuitwa. Wazee wetu wanaojua nani alizaliwa wapi na kwa nani waape viapo vyao wangali hai, maana shahidi akizikwa na ushahidi wake huzikwa naye. Na anayeitwa kuhojiwa asiende peke yake ikiwa hajui kusoma. Aende na mwenzake wa kumsomea anachokitia saini.

Mwanachama, ukiitwa nenda. Nenda kwa adabu, jibu unaloulizwa, usijibu usiloulizwa, na usitie saini usichokisoma. Nchi hii ni yako kabla ya karatasi kuandikwa. Lakini karatasi ikiandikwa, hakikisha imeandikwa kweli.